Lango la Temenuga Limefungwa

Kalofer, Jumatatu, 6.4.

Nevena,

Nimempa Mincho wa basi barua hii pamoja na samaki. Samaki mleni leo leo, maana amekaa mezani tangu jana mchana akisubiri watu, na samaki hana subira kama yangu. Simu usinipigie. Nikisikia sauti yako nitaanza kusema ninayoyajua, halafu nitalia, na raha hiyo sijakusudia kukupa.

Jana ilikuwa Jumapili ya Matawi. Mimi nimepewa jina la ua, wewe umepewa jina la ua, Kalina mjukuu wangu vilevile, na hata Yavor, mwanangu uliyemchukua, ana jina la mti. Ni siku ya jina letu sote tuliopewa majina ya maua na miti. Tangu niolewe katika nyumba hii, siku hiyo mlango wangu haukuwahi kupata nafasi ya kufungwa. Wala sijawahi kumwalika mtu, kwa sababu siku ya jina watu hawaalikwi. Anayekukumbuka anakuja, nawe unamkaribisha. Basi jana nilitoka kanisani na tawi langu la mwerebi, nikalitundika mlangoni, nikatandika kitambaa cheupe, nikavaa gauni la buluu, nikakaa. Hakuja mtu. Hata Iglika wa jirani, ambaye kila asubuhi anakunywa kahawa kwangu kama vile ameandikiwa na daktari, hakutokea.

Na siwezi kumuuliza yeyote. Unajua vizuri kwamba siwezi. Mwenye nyumba akianza kupita mtaani akiuliza watu mbona hawakuja, afadhali ahame mji.

Kwa hiyo nimekaa nikafikiri. Watu wa Kalofer siku hizi hawatoki nyumbani bila kutazama ile programu uliyowatungia, Lango. Wanaamka, wanafungua simu, wanaona nani ana siku ya jina, lango la nani ni la kijani kwa kuwa anapokea wageni, na la nani ni la kijivu kwa kuwa ana msiba au mgonjwa na asisumbuliwe. Nusu ya mtaa niliwafundisha mimi kuitumia. Nilijigamba kwa ajili yako, mpaka watu wakachoka kunisikiliza. Sasa nakuuliza jambo moja tu: umenifuta?

Usijifanye hamnazo. Mwaka jana uliniambia kwamba ungependa siku hiyo upokee wageni wako mwenyewe huko Plovdiv, kwa kuwa nawe una jina lako. Nilikujibu vibaya, nakumbuka. Lakini kama ni wageni, mji mzima wa Plovdiv si unao? Ungeniachia hawa wangu wachache.

Na hiyo programu yenyewe haina adabu. Kwenye simu yangu wiki inaanza Jumapili. Jumapili imejikalia mwanzo, mahali pa Jumatatu, na Jumatatu imesukumwa pembeni. Nilikwambia wakati wa Krismasi, ukasema "ndiyo, Mama," ukaendelea kumenya viazi.

Pasaka ni Jumapili ijayo. Kama sijapata jibu la kweli, msije.

Temenuga

Sahani irudi.


Plovdiv, Jumanne, 7 Aprili

Mama,

Nakubusu mkono. Samaki tumemla jana hiyohiyo, na Yavor amelamba mpaka mifupa.

Sijakufuta. Jina lako lipo kwenye Lango, mahali pale pale lilipokuwa. Siwezi kukufuta, na hata kama ningeweza nisingethubutu.

Programu za kalenda zina vituko vyake. Kompyuta haijui siku kama tunavyoijua sisi. Yenyewe inahesabu sekunde, halafu inauliza: hapa ulipo, usiku wa manane umefika? Wiki ile nyingine saa za nchi nzima zilisogezwa mbele, kama kila mwaka wakati huu. Ikitokea programu imehesabu kwa saa ya zamani, siku huweza kuteleza, ya Jumapili ikaonekana Jumamosi. Huenda ni jambo la aina hiyo. Naendelea kuangalia.

Nikuulize kitu kidogo tu. Yavor alipokuja kwako mwezi uliopita kukata matawi ya mizabibu, simu yako ilikuwa wapi? Je, kuna mtu mwingine anayeishika?

Sahani nimeiweka kwenye mfuko pamoja na maganda ya vitunguu, kwa ajili ya kupakia mayai rangi Alhamisi Kuu.

Nevena wako


Kalofer, Jumatano, 8.4.

Nevena,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ni barua ya wakili. Nimekuuliza kama umenifuta, ukanieleza habari za sekunde.

Hebu nikuulize na mimi, bibi mhandisi. Iglika naye ana jina la ua. Siku yake ni siku yangu. Jumapili nyumba yake ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Niliwasikia wakiimba ng'ambo ya uzio, na Stanyo muuza asali aliimba beti ambazo kila mwaka huwa anaimbia mezani kwangu. Kwa hiyo hizo saa zilisogezwa upande wangu wa uzio tu? Upande wa Iglika siku haikuteleza?

Ungeniambia "sijui," ningekuamini zaidi. Wewe unajua kitu. Mtu asiyejua haulizi simu ilikuwa wapi.

Tangu hapo mambo yamezidi kuwa ya ajabu. Asubuhi nilikwenda kununua mkate. Mama wa dukani, ambaye tangu zamani hunitupia chenji kama anayelisha kuku, leo amenishika mkono kwa mikono yake miwili akaniambia, "Jikaze, Temenuga." Nijikaze nini? Nimetoka dukani nimekuta wawili wanazungumza mbele ya posta, wameniona, wakanyamaza. Na Iglika nimemfuma amesimama nje ya lango langu anakodolea mbao, kushoto, kulia, juu, kama mtu anayetafuta mahali pa kupigilia msumari. Nilipotoka akasema, "Nilikuwa napita tu." Anapita kwenda wapi? Baada ya nyumba yangu hakuna kitu ila mto.

Mtu akitazama mbao za lango la mwenzake namna ile, anatafuta karatasi ya msiba. Anataka kuona picha ya marehemu na siku ya maziko. Nani amekufa, Nevena? Nani huko Plovdiv amewaambia watu wangu kwamba nimefiwa? Au mmewaambia nina wazimu?

Nasikia Mincho anapiga honi. Nimekosa muda wa kukutukana vizuri.

Temenuga


Plovdiv, Alhamisi Kuu, 9 Aprili

Mama,

Una haki ya kukasirika. Nilikuficha.

Jumatatu jioni, mara baada ya kusoma barua yako, nilifungua Lango kwenye simu yangu mwenyewe. Nyumba yako ni ya kijivu. Imefungwa tangu Jumapili ya Matawi, tarehe tano ya mwezi huu, hadi tarehe tano ya mwezi wa nane. Miezi minne mizima. Ndiyo maana hawakuja. Ndiyo maana yule mama wa dukani alikushika mkono. Mtu anayefunga lango miezi minne, watu wanadhani amepatwa na jambo kubwa lisilosemeka, na kwa heshima zao hawaulizi. Wewe hulioni kwa sababu programu haimwonyeshi mwenye nyumba lango lake mwenyewe. Niliitunga hivyo. Nilidhani hana haja.

Sikukwambia kwa sababu nilimshuku mtu, nami sikutaka kumtaja bila uhakika. Nilimshuku Yavor. Mwaka jana ulipoanguka kwenye ngazi za ghala ukibeba mitungi ya kachumbari, alisema sikukuu hizi zitakuua, na kwamba angekuwa na njia angewafungia wageni nje. Ana neno lako la siri. Alikuwa kwako mwezi wa tatu. Nilipomuuliza alikuwa mwekundu kama yai la leo. Nikasema nimempata. Tukagombana vibaya, nikamwambia maneno ambayo mke hapaswi kumwambia mume juu ya mama yake, na sasa analala kwenye kochi. Ameapa kwa kaburi la Baba kwamba hakugusa.

Jana kazini nilichimba kumbukumbu za seva. Lango lilifungwa Ijumaa, tarehe 27 ya mwezi wa tatu, jioni. Yavor siku hiyo alikuwa hapa, alikuwa kwenye mkutano wa shule ya Kalina, nilikaa naye. Na amri ya kufunga ilitoka kwenye simu yako, Mama. Si simu nyingine.

Kwa hiyo naomba nikuulize bila kuzunguka, nawe usinirushie sahani: ulifunga mwenyewe? Ulitaka kuona kama nitagundua? Au ulitaka kupata sababu ya kutuambia tusije?

Nevena


Kalofer, Ijumaa Kuu, 10.4.

Nevena,

Kwanza uliniondolea wageni, sasa unaniondolea akili.

Nimekuelewa. Bibi kizee amejifungia mwenyewe, amesahau, sasa analaumu watu. Hatua inayofuata ni ile nyumba ya wazee yenye bustani ambayo rafiki yako alimpeleka mama yake, akarudi anasifia chakula. Msijisumbue. Majina ya wafalme wote bado nayajua kwa mpangilio, na najua pia nani alikuja na nani hakuja kwenye harusi yenu, na alileta nini.

Unanituhumu kwamba nimekaa mbele ya meza ya watu ishirini, nikaangalia samaki akipoa, ili nikutege wewe. Unadhani wewe ndiye ninayekuwaza hivyo? Nilikuwa nimevaa gauni ambalo Georgi, Mungu amrehemu, alilipenda. Nililivaa kwa ajili ya watu. Saa kumi jioni nililivua.

Leo ni Ijumaa Kuu na nimetoka kanisani kupita chini ya meza ya kaburi la Bwana, kama ilivyo desturi, magoti bado yananiuma. Siku kama hii siwezi kusema uongo. Nakuapia: mwezi wa nne sikufunga lango langu hata siku moja.

Basi fungua hiyo ya mwezi wa nne, leo leo, watu wapate kujua mimi mzima. Na mengine yaliyomo humo usiyachokoe. Lango ni langu.

Na Yavor mrudishe kitandani. Mgongo wake ni wa baba yake, kochi litamvunja.

Temenuga


Plovdiv, Jumamosi, 11 Aprili

Mama,

Jana jioni nilisoma barua yako jikoni, nimesimama, mikono ina unga wa mkate wa Pasaka. Nilikuwa na hasira nawe kama wewe ulivyo nayo kwangu. Halafu nikafika pale ulipoapa, na hasira ikaniishia.

Hukuapa kwamba hukufunga. Umeapa kwamba hukufunga mwezi wa nne. Na umesema nisichokoe mengine yaliyomo. Mengine yapi, Mama? Humo hamna kitu kingine. Kuna amri moja tu.

Nikakumbuka ulivyoniambia kuhusu Jumapili. Uliniambia Krismasi, ukaniambia tena Jumatatu, nami mara zote mbili nilidhani unanitafutia makosa. Simu yako ilikuwa ya kazini kwa Yavor, kampuni ile iliagiza simu zake Marekani. Alipokupa wewe, alibadilisha lugha ikawa ya kwetu, lakini nchi akaisahau. Simu inazungumza Kibulgaria na huku ndani inaamini unaishi Marekani. Wenyewe huko wanaanza wiki Jumapili. Na wana tabia nyingine: wakiandika tarehe kwa tarakimu, wanatanguliza mwezi, ndipo siku.

Hili ni kosa langu, si la Yavor. Nilipotunga Lango nilitafsiri kila kitu kinachoonekana, majina ya siku, majina ya miezi, mpaka neno "samahani." Lakini kusoma tarehe nikaiachia simu. Niliiambia programu: uliza tuko nchi gani, kisha soma kama wanavyosoma watu wa huko. Nikaona ni ujanja. Tena nilipokuonyesha tarehe uliyoingiza, nilikurudishia tarakimu zilezile na nukta zake. Ningeandika tu jina la mwezi, ungeliona kosa palepale. Kazini kwangu mtu akifanya hivyo simwachi aende nyumbani.

Wewe uliandika 04.05 mpaka 08.05, kama anavyoandika kila mtu nchi hii. Simu ikaenda ikafunga kuanzia Aprili tano hadi Agosti tano. Hukufunga mwezi wa nne. Nakuamini, na naomba radhi kwa kila neno la barua yangu iliyopita.

Lango sasa ni la kijani. Na leo asubuhi nimeandika kwenye ukurasa wa kwanza, pale ambapo mji mzima utasoma: "Nyumba ya Temenuga Karadzhova ilionyeshwa kuwa imefungwa kwa kosa la aliyetunga programu hii, ambaye ni mkwe wake. Hakuna msiba. Mwenye nyumba aliwasubiri." Nimeweka jina langu chini.

Ila sasa nina swali, na hili silali nalo. Ulitaka kufunga tangu tarehe nne ya mwezi wa tano hadi tarehe nane. Katikati hapo kuna siku ya Mtakatifu Georgi, siku ya jina la Baba. Tangu Baba afariki hujawahi kufunga siku hiyo. Watu wanakuja wanamimina mvinyo kwa ajili yake, na wewe unachoma kondoo hata kama mvua inanyesha. Mama, unakwenda wapi siku hizo?

Mwezi wa pili ulikuja Plovdiv ukasema umefuata miwani. Ulikula supu kwangu. Nilikuuliza miwani iko wapi, ukasema haijawa tayari. Mpaka leo hujaja kuichukua.

Kesho hatuji, kwa sababu umesema tusije, na safari hii nataka kukutii. Lakini nijibu.

Nevena


Kalofer, Jumatatu, 13.4.

Nevena,

Kristo amefufuka.

Jana sikuweza kuandika, basi halikutoka, na isitoshe sikuwa na nafasi ya kukaa. Iglika alisukuma lango kabla sijavaa viatu, ana kikapu cha mayai mekundu, akalia shingoni kwangu kisha akanitukana kwa nini sikumwambia. Nikamwambia, "Ningekwambia nini, nawe ulikuwa unaimba?" Baada yake walikuja wengine. Stanyo alisoma tangazo lako kwa sauti, mbele ya watu, mara mbili, na mara ya pili alitia chumvi. Nilimwambia anyamaze. Sikupenda walivyocheka pale kwenye neno "mkwe." Wewe una shahada na cheo, hukulazimika kujianika kwa watu wasiojua hata kubadilisha mlio wa simu.

Sasa lile swali lako.

Nilikuwa nimejiandaa kukudanganya. Nilitunga habari ya kwenda monasteri na wanawake wa kanisani, nzuri sana, ina mpaka bei ya mishumaa. Lakini wewe ungempigia kasisi.

Ni uvimbe. Titi la kushoto. Niliugusa mwezi wa kwanza nikioga, nikajifanya sikuugusa, ukabaki palepale. Hakukuwa na miwani. Siku ile nilitoka kwa daktari, mwanamke kijana mwenye mikono ya baridi, ndipo nikaja kula supu yako. Ilikuwa imepungukiwa chumvi, nami nilishindwa hata kukwambia, ungejua siku ile kwamba nina jambo. Watautoa mwezi wa tano, hapo Plovdiv, kwenye hospitali ile ya karibu na kwenu, ndipo wataona ni wa namna gani. Nalazwa Jumatatu, Ijumaa wanipe ruhusa kama mambo ni mazuri.

Lango nililifunga kwa sababu ya Iglika. Angekuja asubuhi na kahawa yake, angekuta kufuli, angempigia Yavor kabla birika halijachemka. Lango la kijivu haliulizwi. Wewe mwenyewe ndiye uliyelitunga hivyo, na nilikusifu moyoni nikibonyeza.

Utauliza kwa nini sikusema. Yavor nilimwona mwaka ule wa baba yake. Georgi alikuwa anakonda kitandani na mwanangu anakonda mlangoni. Sitaki kumwona tena akisimama mlangoni.

Na wewe nilikuogopa. Bora niseme. Nilijua ungekuwa mwema. Ungesema "Mama, hamia kwetu," ungeninunulia godoro, ungenipa chumba cha Kalina, na wiki ya pili mngeanza kuzungumza kwa sauti ndogo kuhusu nyumba ya Kalofer nani anaiangalia. Wote mngekuwa na nia njema. Na lango langu lingefungwa kweli, si kwa kosa la tarehe. Nilipoona hakuna mtu Jumapili ile, ndicho nilichofikiri: ameshagundua, ameshaanza.

Usimwambie Yavor. Wala usije tarehe nne. Nitapanda basi la Mincho, nitashuka, nitaingia, nitatoka. Naogopa, lakini hata nikiwa na watu nitaogopa vilevile.

Temenuga


Plovdiv, Jumanne, 14 Aprili

Mama,

Kweli amefufuka.

Sitakwambia uhamie kwetu. Sitasema mwezi wa tano, wala mwezi wa kumi, wala kwa wema wala kwa ujanja. Naandika hapa ili uwe nayo mkononi siku nitakapojisahau.

Lakini hospitali hiyo naenda kwa miguu kutoka nyumbani kwangu. Ungelala huko siku zote hizo, mimi napita chini ya dirisha nikienda kununua mtindi, sijui. Nimekaa bafuni nimelia kwa hilo, nimefungulia maji Kalina asisikie. Umenikasirisha kuliko ulivyowahi kunikasirisha, na unajua ni mara ngapi.

Tarehe nne nitakuwa kituoni. Ukitaka kushuka basi kituo kingine ili unikwepe, Mincho ameshaahidi hatasimama.

Lango sijaligusa. Tarehe hizo za mwezi wa tano uzipange mwenyewe. Simu yako nimeshairekebishia nchi kutoka huku, na sasa programu inaandika mwezi kwa jina, kwa kila mtu, popote alipo. Kuhusu Yavor siwezi kukutii. Nimemlaza kwenye kochi kwa kosa lisilo lake, na siwezi kumwomba radhi nusunusu huku nimeshika siri ya mama yake. Mwambie wewe. Nakupa mpaka Jumapili hii.

Nevena


Kalofer, Jumapili, 3.5.

Nevena,

Mincho atakupa hii kesho asubuhi kabla mimi sijashuka, maana mbele ya watu sitaweza kuyasema, na nimemwonya asikuache uisome nikiwa nimesimama pembeni nikikutazama.

Asante kwa kumwachia Yavor nafasi ya kusikia kutoka kwangu. Nilipomwambia kwenye simu, kitu cha kwanza aliuliza hospitali wanatoa chakula gani. Ni mwanangu huyo. Tangu hapo anapiga kila jioni, tunazungumza habari za mizabibu.

Iglika naye nimemwambia. Lango nimeliacha la kijani. Ufunguo anao yeye, na siku ya Georgi atawafungulia watu, atamimina mvinyo na kuchoma kondoo, ingawa kondoo anamkausha kila mwaka na hasikii ushauri. Watu wakiniulizia, awaambie niko wapi. Nimeona afadhali wajue kuliko wasome mbao zangu.

Kesho usinishike mkono kituoni kama kipofu. Begi utabeba. Usilie mbele ya Mincho, atausimulia mji mzima. Usianze kuwauliza madaktari maswali yako yale ya kikompyuta, wakakasirika wakanishonea vibaya. Supu ukileta, tia chumvi.

Kuna jambo moja nimelifanya bila kukuuliza. Muuguzi alinipigia juzi akasema mtu mmoja tu anaruhusiwa kunisindikiza mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na awe damu yangu, wakwe wanasubiri chini. Yavor namjua, atasimama pale mlangoni, nami sitaki. Nimemwambia muuguzi atakuja binti yangu, Nevena, niliyemzaa mwenyewe. Aliuliza mara mbili, nikamjibu mara mbili.

Kwa hiyo usije ukanisuta mbele yake.

Mama